Jina la Orrin Kwenye Kipaza Sauti

Kila Jumamosi asubuhi, miaka nenda miaka rudi, nimesikia jina la marehemu mume wangu likipigwa kelele kwenye kipaza sauti kama jina la mbwa aliyepotea. "Orrin!" anaita msimamizi kule kwenye uwanja wa shabaha. Sauti inavuka shamba la ngano, inapita juu ya ghala langu, inaingia jikoni hata nikifunga dirisha. Halafu kimya. Halafu bunduki zinaanza.

Hawamwiti aje. Wanajua alipo, walimzika wenyewe. Jina lake wamelifanya onyo. Kabla ya risasi ya kwanza, msimamizi akiita "Orrin!" kila aliyelala kwenye mstari anapeleka mkono juu ya darubini ya bunduki yake, anashika kile kidude cha kuzungusha, anakagua kama kiko mahali pake. Maana yake, usije ukawa mzembe kama Orrin Skaar. Wageni wanaotoka mbali hawajui hata kwamba alikuwa mtu. Siku moja dukani nimemsikia kijana mmoja akimwuliza mwenzake, "Hivi Orrin ndiyo nini?" Akajibiwa, "Ndiyo kukagua, bwana. Usipo-orrin, risasi inaruka tuta." Mimi niko nyuma yao nimeshika trei ya mayai. Bahati yao nilikuwa nimeshalipia.

Shule niliacha mapema nikapikie wavunaji, kwa hiyo maneno ya kupamba sina. Nitasema nilivyoona.

Orrin alikuwa dereva wa greda la kaunti. Hapa kwetu mashariki ya Montana, theluji ikianguka, dereva wa greda ndiye daktari, ndiye polisi, ndiye padri, maana hao wengine hawatoki nyumbani mpaka yeye apite. Alikuwa mkimya. Ukimwuliza chakula kikoje, anasogeza sahani uongeze. Ujana wake alikwenda jeshini, akarudi na mambo mawili: mgongo mbovu, na mapenzi ya bunduki ndefu inayopiga mbali. Ya vita hakusema. Alichopenda ni kulala chini juu ya mkeka, kusoma upepo kwenye majani, kuachia pumzi nusu, na kutoboa karatasi ambayo mimi kwa macho yangu siioni hata iko wapi.

Na uwanja ule ni yeye aliyeutengeneza. Andika hilo mahali, maana wao hawajaliandika. Ardhi ilikuwa ya magadi, haioti hata magugu. Jioni akitoka kazini anapanda trekta yake, anasukuma udongo, anasukuma udongo, mpaka likasimama tuta refu kuliko nyumba yangu, la kuzuia risasi zisiende kwa watu. Kila barafu ikiyeyuka anakwenda kuliziba lilipobomoka. Dwight Messerly alikuwa anakuja kutazama. Amekaa juu ya boneti ya gari, anakunywa kahawa yangu, anasema, "Sogeza kushoto kidogo, Orrin."

Huyo Dwight ndiye alikuwa rafiki yake. Sasa ni mwenyekiti wa klabu. Mfupi, mchangamfu, ana mikono ambayo haitulii. Akikaa mezani kwako ataukunja ukingo wa kitambaa, atafungua chumvi na kuifunga, atazungusha kijiko. Nyumbani kwangu alishawahi kuizungusha saa ya ukutani huku anaongea, tukachelewa kanisani sote. Nikamwuliza, akasema hajaigusa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mashindano ya mwaka. Asubuhi Orrin alipiga vizuri kuliko wote. Mchana watu wakaja kula, na bunduki zikalazwa kwenye meza ndefu, komeo zake wazi, hazina risasi. Wanawake husemwa kwa umbea. Nendeni mkakae na wanaume wa shabaha wakati wa chakula! Hao wanalinganisha bunduki na darubini kama mama wakwe wanavyolinganisha wakamwana.

"Hii yangu mtutu wake mzito, haitetemeki."

"Mzito kama mkeo. Ukiibeba mpaka yadi elfu utakufa njiani."

"Mbao ya nini siku hizi, Orrin? Jeshi lenyewe limeacha mbao. Mvua ikinyesha kitako kinavimba, risasi inahama."

"Ngoja inyeshe kwanza," Orrin akasema. Mwaka ule tulikuwa hatujaona mvua.

"Na hiyo darubini yako, jamani, babu yako aliwindia nyati? Tazama hii. Kioo cha Wajerumani. Ndani mistari imejaa kama mti wa Krismasi, unahesabu tu tawi, unapiga."

"Mimi sipambi, napiga," Orrin akasema, wote wakacheka. Akanywa kahawa yake akaondoka kwenda kubandika karatasi mpya za shabaha, maana hiyo kazi nayo walimwachia yeye.

Mimi nilikuwa nakata pai ya rubabu, yale mashina machachu ya bustani, nagawa. Dwight akaichukua bunduki ya Orrin. Hakuomba. Akaiegemeza begani, akatazama upande wa tuta, akaanza kuwahutubia wenzake. "Kioo chenyewe si kibaya, ila ukingoni kina ukungu. Na huku juu milio yake imelegea, sikilizeni." Vidole vyake viko kwenye kile kidude cha juu. Anazungusha, tik tik tik tik, anarudisha kidogo, anazungusha tena, anaongea. Nilimwona kama ninavyokuona wewe. Nikamwambia, "Dwight, pai yako inapoa." Akaiweka bunduki mezani akaja kula.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ubaya ulipo. Kile kidude ndicho kinachopandisha risasi au kuishusha. Kimeandikwa namba kuzunguka kama saa. Ukikizungusha mzunguko mzima, namba inarudi palepale, sifuri inakutazama kama hakuna kilichotokea. Kumbe umeshapanda ghorofa. Chini yake kuna vimistari vyembamba vya kukuonyesha umepanda mara ngapi, na kwenye darubini kuukuu kama ile vilikuwa vimefutika, huvioni mpaka uiname na miwani. Ndiyo maana kule kuna sheria ambayo hata mtoto anaijua: ukigusa kidude cha mwenzio, unasema. Unasema "nimekigusa," mwenyewe anakwenda kukagua. Basi. Neno moja tu.

Dwight hakusema.

Orrin akarudi, akalala kwenye mkeka, akaona sifuri, akapandisha kwa umbali wa yadi mia sita kama alivyofanya maisha yake yote, akapiga. Karatasi haikutikisika. Tuta halikutoa vumbi. Risasi ilipita juu ya lile tuta alilolisukuma kwa mikono yake, ikaenda kutoboa tangi la maji ya ng'ombe la familia ya Aamodt. Mke wa Aamodt alikuwa ameondoka pale punde tu, ndoo bado inaning'inia mkononi. Alikuja na gari uwanjani, mweupe kama unga, hawezi kuongea, anaonyesha tu ile ndoo.

Walisimamisha mashindano. Wakamzunguka Orrin. Akainama, akavaa miwani, akaangalia, akasema, "Iko juu mzunguko mzima."

Nikasema, tena kwa sauti, "Dwight aliishika mezani. Alikuwa anazungusha."

Dwight akageuka, macho makavu. "Sikugusa, Idella. Nilitazama kioo tu."

"Nimekuona!"

"Mama, wewe ulikuwa unakata pai," akasema mmoja wao. Wengine wakainamisha vichwa, wengine wakatabasamu kwa kando. Rollie Haugen, ambaye ndiye msimamizi wa mstari mpaka leo, alikuwa amekaa karibu na Dwight ule mchana. Nikamwambia, "Rollie, sema." Rollie akasema, "Mimi nilikuwa nakula, Bi Idella. Sikutazama." Mtu mzima, ana ndevu.

Wakamfungia Orrin asipige tena pale. Uwanja wake mwenyewe.

Usiku ule nilimwambia, "Kwa nini hukusema ni Dwight?" Akasema, "Bunduki ni yangu. Mwenye bunduki ndiye mwenye risasi. Nilipaswa kukagua." Nikamwambia, "Na yeye alipaswa kusema!" Akasema, "Hakugusa, amesema hakugusa." Nikamwuliza, "Na mimi niliyeona? Unamwamini nani?" Akanyamaza. Huo unyamavu wake nimeukasirikia kuliko maneno ya Dwight, na bado sijamaliza.

Hakupiga tena. Aliitia mafuta ile bunduki, akaifungia kabatini. Masika ilipofika, tuta likabomoka upande wa kaskazini, naye akawa anasimama kwenye ua wetu analitazama kwa mbali. Hawakumwita, na yeye hakwenda. Baada ya majira kadhaa ya baridi moyo wake ukachoka, akaanguka ghalani. Dwight alibeba jeneza, kona ya mbele, mkono uleule. Akalia kuliko mimi. Nikamtazama anavyokishikashika kile kishikio cha shaba, anakipandisha, anakishusha, tik, tik, mpaka tunafika kaburini.

Masika iliyofuata ndipo nikasikia mara ya kwanza. "Orrin!" Nilidhani nimerukwa na akili. Nilitoka nje na unga mikononi.

Nikaenda kwa Dwight hadi mlangoni. "Jina la mume wangu linafanya nini kwenye kipaza sauti?"

"Idella, karibu ndani. Ni wazo langu. Tunamuenzi. Kila mtu akisikia jina lake anakagua, hakuna risasi itakayoruka tena. Orrin analinda watu hata sasa."

"Unamuenzi kwa kumfanya mfano wa uzembe?"

"Ni heshima, nakwambia."

"Kama ni heshima, weka lako."

Akacheka, huku anazungusha kitasa cha mlango. "Langu halijafanya kosa, Idella."

Kuanzia hapo sikukanyaga pale. Kanisani nikabadilisha benchi. Wakinitumia watu niwaokee pai za mashindano, nawaambia waende wakale vumbi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: lile jina liache kuitwa. Nililitaka kwa hasira, asubuhi kwa asubuhi, kama watu wengine wanavyotaka mvua.

Sasa huyu Marlys Tveit. Anaendesha malori ya nafaka, amepanga chumba changu cha juu. Mwanamke mpana, ana kicheko cha kutikisa vyombo, na hana adabu, ndiyo maana tunaelewana. Naye kumbe ana ugonjwa uleule. Alinunua bunduki nyeusi ya mtindo wa kijeshi, yote chuma na plastiki, ya miguu miwili myembamba kama ya panzi, na darubini ndefu kama bomba la jiko. Akaingia mashindano ya mwaka huu.

"Bibi, njoo unishangilie. Sina mtu."

"Huko siendi."

"Najua, umeshanisimulia mpaka nimeota. Njoo tu ukae uwakunjie uso. Wapige macho wakose shabaha."

Nikaoka pai. Si yao. Yake. Nikaenda nikakaa mwisho wa ile meza ndefu, kwenye kiti changu nilichotoka nacho nyumbani. Asubuhi Rollie akaita, "Orrin!" kwa sauti ndogo kidogo, alikuwa ameniona. Mikono yote ikaenda juu. Wa Marlys haukwenda. Yeye aliinama akatazama kidude chake kwa macho, akainua kichwa akaniangalia. Nikamwona ni mtoto wangu kabisa.

Mchana, mambo yaleyale. Meza, bunduki, midomo imejaa chakula.

"Hizi nyeusi hazina roho."

"Roho unataka ya nini, unaoa? Tazama matundu yake, yote unayafunika kwa kikombe."

"Upepo wa leo utaihamisha risasi nyepesi hiyo mpaka Dakota."

"Na wewe hiyo nzito yako itafika lini? Tuma barua kabisa!"

Marlys anacheka kuliko wote. Dwight akaja na kahawa, sasa mzee, kofia ya mwenyekiti kichwani. Akaona ile darubini ya Marlys. Mate yakamjaa.

"Binti, hii ni ya Wajapani, siyo? Hebu." Akaichukua bunduki. Akaiegemeza begani, akatazama tuta. "Aa, hapo sawa. Kioo safi mpaka ukingoni. Ila nyie wa siku hizi mnakuza picha kupita kiasi, mnaona nywele za shabaha lakini upepo hamuuoni. Enzi zetu..." Na vidole vile vikaanza. Tik tik tik tik. Anarudisha kidogo. Tik tik tik tik.

Pale ng'ambo ya tuta siku hizi kwenye nyumba ya Aamodt wanaishi wajukuu, nguo za watoto ziko kambani. Mtu mbaya kuliko mimi angenyamaza. Nami ni mbaya, lakini si hivyo. Nikatazama mezani. Rollie ameacha kutafuna. Amemkazia Dwight macho vidoleni. Wa upande wa pili wanatazama. Wote, meza nzima, wanatazama ule mkono, maana walijua nimekaa pale na walijua kwa nini.

Dwight akamaliza hotuba, akalaza bunduki, akafuta mikono kwenye suruali.

Nikasema, "Dwight. Umekigusa kile kidude?"

Wala hakufikiri. "Sikugusa, Idella. Nilitazama kioo tu."

Maneno yaleyale. Sauti ileile, macho yaleyale makavu. Marlys akainama, akatazama chini ya kidude. Darubini yake mpya, vimistari vyeupe kama meno.

"Asubuhi sikuacha mstari hata mmoja nje," akasema. "Sasa mmoja uko nje. Namba ni sifuri, na iko juu mzunguko mzima."

"Haiwezekani," Dwight akasema.

"Nimekuona, Dwight," akasema Rollie.

"Umeona nini?"

"Nimekuona unazungusha. Wakati wote unaongea." Rollie akameza kile kilichobaki mdomoni. "Na mimi nimekuona leo tu, maana leo nimetazama."

"Hata mimi," mwingine akasema. "Na mimi." Sauti zikaja kutoka kila kona ya meza, za chini, kama watu wanaokiri kanisani.

Dwight akatazama mikono yake. Kulikuwa na kizibo cha chupa katikati ya vidole, sijui alikitoa wapi, na alikuwa anakizungusha. Akakiangusha kama kimemuunguza.

"Labda kidogo," akasema. "Labda nimekigusa bila kujua. Mtu hajui mikono yake... Idella. Basi na siku ile..."

"Na siku ile."

"Mungu wangu, sikujua. Naapa. Nisamehe."

"Mimi? Kamwombe yule uliyembeba. Ukifika huko mwambie nilikuona, maana na yeye hakuniamini."

"Idella, mimi ni mzee sasa."

"Na yeye alikuwa nani, kitoto? Wakati anasimama uani anatazama tuta lake likibomoka, ulikuja hata mara moja kusema twende tukalizibe?"

Mmoja wao, wala simjui, akavua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Marlys akarudisha kidude chake mahali pake, akakagua, akasema, "Wazee, tunapiga au tunalia?" Wakaanza kusimama. Wakabeba bunduki zao mmoja mmoja kwenda kulala mstarini. Dwight naye akachukua yake, akaenda, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alilala chini polepole, goti moja, halafu jingine.

Rollie akapanda kwenye kile kibanda chake, akashika kipaza sauti. Nikasikia anavuta pumzi, ikasikika uwanja mzima. Watu wakaanza kugeuza vichwa kutazama kibanda. Mimi nilikuwa na kisu mkononi, nimekiingiza katikati ya pai, sikisukumi wala sikitoi.

"Dwight!" akaita Rollie.

Dwight akainua kichwa. "Nini?"

"Dwight!" akaita tena, kwa nguvu, mpaka sauti ikagonga tuta la Orrin na kurudi. Na kwenye mstari wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono ikaenda juu ya darubini, ikashika vidude, ikakagua. Ule wa Dwight ulikuwa wa mwisho. Nilimwona akiuinua.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikasukuma kisu, nikajikatia kipande kikubwa.